Mapipa ya Mtaa wa Kanisa

Jumapili, baada ya sala ya Adhuhuri

Mke wangu mpendwa Mama Tausi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana ni ndefu. Goti la mama linaendeleaje? Tausi kikohozi kimemwacha? Na mdogo wake bado anagoma kuvaa viatu? Mimi ni mzima, alhamdulillah, isipokuwa mabega, nayo nimeshayazoea.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu wewe huuliza, mimi hujibu, watoto hugombania simu, na jambo lenyewe hubaki kando. Nina shajara yangu hapa mezani na nitakueleza kwa utaratibu. Uliniuliza: karatasi zetu za kuja Marekani zikikamilika, tutafikia wapi? Kule Riverdale Park, karibu na Washington, kwa Watanzania wenzetu, au huko uliko? Nikawa kimya. Sikuwa nakuficha. Kazi yangu hapa ilikuwa inaning'inia, na mtu hawezi kuita wageni kwenye nyumba ambayo hajui kama paa litabaki.

Najua hukupenda nilipoacha kuosha vyombo kule Shaw, Washington, kwenye mgahawa wa wanafunzi, nikaja huku kusini mwa Maryland kuzoa taka. Hata Kamau, yule Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja, alinicheka hadi akashika mlango. "Buda, umetoka ushago ya Kondoa ukaingia ushago ya Amerika? Si ungebaki tu Kondoa!"

Kweli ni shamba, au ushago kama wasemavyo Wakenya. Mji una taa moja ya barabarani, duka la misumari na mbolea, kinyozi, makanisa mengi kuliko maduka, na mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku yaliyoinama kama wazee waliosinzia. Alfajiri watu hupanda basi kwenda kwenye maofisi ya Washington, na mji hubaki na wazee, watoto, na sisi wafanyakazi wa mji. Lakini Mama Tausi, watu wa hapa wana adabu ambayo sikutegemea kuikuta Marekani. Mtu mzima haitwi jina tupu. Ni Miss Earline, Mista Curtis, kama sisi tunavyosema Bi fulani na Bwana fulani. Dereva akipishana nawe huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hata kama hakujui. Msafara wa mazishi ukipita, magari yote husimama kando. Mara ya kwanza Mista Curtis alizima gari letu la taka katikati ya kazi, akavua kofia. Nikamuuliza kama anamjua marehemu.

"Hapana," akasema. "Lakini kuna mtu anamjua."

Huyu Mista Curtis ndiye mkubwa wangu. Yeye anaendesha, mimi nasimama nyuma na kubeba. Siku za Ijumaa huanza zamu mapema ili niwahi msikiti ulio mji wa jirani, na sikumwomba. Aliniona tu naangalia saa.

Sasa sikiliza juu ya Mtaa wa Kanisa. Wengi wanaokaa pale ni wajane. Mitaa mingine watu husukuma mapipa yao hadi barabarani, lakini Mtaa wa Kanisa mapipa hukaa mlangoni pa jikoni. Sisi huingia uani, tukayatoa, tukayamwaga, tukayarudisha. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ilianza zamani bibi mmoja alipovunjika nyonga, na baadaye ikawa ndiyo desturi. Ukiingia uani huwezi kupita kimya kama mwizi. Unasalimia. Mista Curtis huuliza presha, huuliza mjukuu aliye jeshini, hubadilisha balbu. Mimi nilikaza bomba la Miss Earline, mmoja wa wajane hao, na tangu hapo kina mama wa kanisani wakinipikia mboga za majani huzitia bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi badala ya nguruwe. Sufuria yangu ni ya peke yake. Miss Earline ameshamwambia kila mtu asiiguse.

Mwezi uliopita halmashauri ya mji ikasema inafikiria kuipa kazi ya taka kampuni moja ya nje. Gari lao lina mkono wa chuma unaokamata pipa, kuliinua na kulimwaga, na dereva hatoki kwenye kiti. Likija hilo, mimi sina kazi, na Mista Curtis anastaafu kabla ya wakati. Ningerudi kulala chumba kimoja na Kamau, na hapo mngefikia wapi? Ndiyo maana nilikuwa kimya.

Walipanga kulijaribu gari Jumanne, Meya mwenyewe akiwepo, tena Mtaa wa Kanisa. Tangazo likapelekwa nyumba kwa nyumba: wekeni mapipa kando ya barabara. Sisi tukaambiwa siku hiyo tusiuguse mtaa ule.

Jumanne nilipita pale kwa miguu nikienda kazini. Nikatazama mtaa mzima: hakuna pipa hata moja barabarani. Nikajua wazee wamesahau, au wameshindwa kusukuma. Nikafikiri, mgeni anakuja, Meya anakuja, na mtaa utaonekana wa watu wasiojali. Tena watasema mimi na Mista Curtis tumewachochea. Wewe unanijua. Kwetu mgeni hakuti ua haujafagiliwa. Basi nikaingia ua mmoja baada ya mwingine, nikayatoa mapipa yote, nikayapanga mstari ulionyooka, vishikio vikielekea nyumba kama tangazo lilivyosema. Nikasimama kuutazama mstari wangu. Niliridhika sana.

Mlango wa Miss Earline ukafunguka. Alitoka na joho la kulalia na vibano kichwani.

"Hamisi! Unafanya nini na pipa langu?"

"Nimekusaidia, Miss Earline. Mlisahau."

"Tulisahau?" Akashika kiuno. "Mtoto, nina miaka themanini na sijasahau kitu. Tulikaa kanisani saa nzima tukakubaliana hakuna wa kutoa pipa. Hata yule mbishi wa nyumba ya kona alikubali, na yeye hajawahi kukubaliana na Mungu!"

"Hamkuniambia."

"Tungekuambia ungetuombea ruhusa kwa Meya. Rudisha!"

Mama Tausi, nilikimbia siku hiyo. Wajane wakatoka na makanzu yao ya kulalia. Mmoja alisukuma pipa kwa kigari chake cha kutembelea, anacheka hadi machozi, mwingine anapiga kelele, "Langu ni lile lenye kifuniko kilichopasuka, usinibadilishie!" Gari lilikuwa limeshaingia upande wa pili wa mtaa nilipokuwa naburuta pipa la mwisho. Nikajibanza nyuma ya jiko la Miss Earline, napumua kama mbuzi aliyefukuzwa.

Gari likaja polepole, jipya, linang'aa, mkono wa chuma umekunjwa ubavuni. Meya alikuwa nyuma kwenye gari lake. Likapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, halina cha kukamata. Mbele ya Miss Earline likasimama. Yeye alikuwa ameshakaa kibarazani na kikombe cha kahawa, vibano vingali kichwani.

Dereva, kijana mpole, akatoa kichwa. "Mama, pipa lako liko wapi?"

"Mlangoni pa jikoni. Liko hapo siku zote."

"Mkono haufiki huko, mama."

"Haya," akasema Miss Earline. "Hilo ndilo tulilotaka kujua."

Alhamisi ukafanyika mkutano katika ukumbi wa zimamoto. Meya, mwanamke mkali lakini wa haki, aliniita mbele ya watu wote. "Bwana Hamisi, ni wewe uliyewaambia wasitoe mapipa?"

Nikasimama. Nikasema, "Hapana, Meya. Mimi ndiye niliyeyatoa. Wao wakanilazimisha kuyarudisha."

Ukumbi ukalipuka. Mista Curtis, ambaye hacheki, alifunika uso kwa kofia. Kisha Miss Earline akainuka. Akasema, "Lile gari ni zuri. Lakini mimi nikianguka jikoni Jumatatu usiku, Jumanne gari lile litaona barabara safi na kupita. Hawa watabisha hodi." Akakaa.

Wajumbe ni watano. Watatu wakainua mikono tubaki. Wale wawili waliokataa sio watu wabaya, walitaka tu kuokoa kodi ya wananchi, na mmoja wao alikuja kunipa mkono mlangoni. Kazi imebaki. Mista Curtis atastaafu kwa wakati wake, na kuanzia wiki ijayo ananifundisha kuendesha gari la taka ili siku hiyo nichukue kiti chake.

Kwa hiyo sasa naweza kukujibu, lakini nataka ujue yote. Hapa hakuna Mswahili wa kuzungumza naye hadi uendeshe gari zaidi ya saa nzima. Unga wa ugali tutaufuata mbali. Watoto watakuelewa kwa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, na lafudhi ya huku ya kuvuta maneno. Utapata upweke, sitakudanganya. Lakini siku ukiugua nikiwa kazini, mlango utabishwa.

Miss Earline ana vyumba viwili juu, havina mtu tangu wanawe walipoondoka. Jana alinisimamisha uani. "Mkeo anapenda jiko lake mwenyewe, au anaweza kuvumilia langu?" Nikamwambia siwezi kumsemea mke wangu, nitamuuliza. Akasema hayo ni majibu ya mume mwenye akili.

Basi nakuuliza, Mama Tausi. Ukisema Riverdale Park, nitatafuta huko bila kinyongo. Ukisema hapa, nitapaka rangi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa ya goti nimeshaiulizia. Nisalimie shemeji fundi cherehani na mkewe, ustadhi wa watoto, na jirani yetu muuza mkaa aliyenipeleka stendi. Watoto wabusu, mdogo umbusu kwenye hivyo vidole visivyotaka viatu.

Mumeo, anayesubiri neno lako pamoja na mtaa mzima,

Hamisi