Kitambaa Kisichofikichwa

Jumatatu, 3 Machi

Uliyeliokota daftari hili, lifunge. Nakuomba sana, usimpe mtu hata neno moja. Kazi ninayo hii tu, na mama ananitegemea.

Leo vitambaa vya kuchujia maji vimetoka kwenye tanuri la karakana yetu. Vililowekwa kwenye chumvi ya zinki na maji ya moto, nyuzi zikaota juu yake kama majani baada ya mvua. Nyembamba kuliko unywele, hazionekani kwa macho. Zikipigwa na jua zinaua vijidudu. Nazipenda. Ndiyo maana nina hasira.

Bosi kaniamuru nifute mstari mmoja kwenye maelezo ya matumizi: usifikiche. "Dada, ukiandika hivyo watasema tumewauzia karatasi." Nimefuta.

Jumatano, 5 Machi

Vitambaa viliondoka jana kwenda zahanati ya Igalula. Kimoja kilichobaki nimekifikicha kwenye beseni. Maji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Nyuzi zote zimekatika. Weupe huo ni zinki, na anayeinywa atatapika.

Nimemwonyesha bosi. Akacheka, eti nani atafikicha kichujio. Nani? Kila mwanamke wa hapa! Kitambaa kikinuka kinapakwa sabuni, kinafikichwa mpaka vidole viume. Mashati ya bosi mwenyewe yalifuliwa hivyo na mama yake. Anajua. Mwongo.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi wa Igalula kapiga simu ofisini. Watoto wawili wanatapika. "Maji yana weupe, mdogo wangu. Na vitambaa nimevifua vizuri, nimevifikicha mwenyewe." Kwa fahari kabisa.

Bosi alikuwa mbele yangu, ananitazama. Nikasema tutaangalia. Tutaangalia! Najichukia. Yeye namchukia zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia muuguzi kwa simu yangu, nyuma ya soko. Shikamoo, kisha yote. Aviondoe vitambaa, watoto wapewe maji ya kuchemsha.

Akauliza: "Mlijua?"

Tulijua.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi kapata habari. Nimerudisha funguo.

Watoto wameacha kutapika. Muuguzi kaniambia wazazi wanataka kuniuliza maswali. Wana haki.

Nimemjibu awaambie: niko Kwihara, kwa shangazi muuza karanga. Wasipite ofisini, wataambiwa sijulikani. Wakishuka kwenye pikipiki waulize nyumba ya mama anayeuza karanga, mlango wa bluu. Asubuhi nipo shambani, mchana nipo nyumbani. Wabishe hodi tu. Nitafungua mwenyewe.