Kanzu Nyuma ya Goli

Kaka Shaabani,

"Klabu ile ni ya Waairishi. Mchezo wao, nyumba yao, mambo yao. Sisi haituhusu."

Ndivyo alivyoandika Bwana Mbwana, mwenyekiti wa Umoja wetu wa Waswahili huku ugenini, katika rasimu ya barua kwa halmashauri. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nikizunguka meza, chai ikapoa sikuigusa. Haituhusu! Mtu huyu alimwoza binti yake ndani ya nyumba hiyo hiyo. Alikula biriani ameegemea ukuta wenye picha za timu, akalegeza na mkanda. Leo haimhusu.

Ngoja nikueleze, maana tangu ututoke mengi yamepita. Mkataba wa klabu na halmashauri unakwisha. Kuna kampuni inautaka uwanja: izungushe uzio mrefu, itandaze nyasi za plastiki, ikodishe kwa saa. Nyumba ya klabu, ambayo wewe ulikuwa ukiijua kila msumari wake, itavunjwa. Halmashauri imeviuliza vyama vya wakazi wa Thamesmead swali moja: klabu hii ina faida gani kwa majirani? Jibu letu linapitishwa Jumapili hii. Na Mbwana akiachwa, jibu letu ni hilo hapo juu.

Sasa niache nimjibu. Najua hukupenda nijibizane na watu. "Gazeti," ulikuwa ukiniita, "leo unamchapa nani?" Leo ni Mbwana. Na barua hii naituma kwenye kundi la Umoja, wote waisome. Univumilie.

Kwanza, waambiwe uliingiaje huko, maana wengi wanadhani ulijipeleka. Ilikuwa Jumapili, umetoka maulidini Woolwich, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Ulikuwa ukipita kando ya uwanja, pale majirani wanapofunga farasi wao, uwahi basi. Mchezo wao una waamuzi wa goli, wawili nyuma ya kila goli, wanaovaa makoti marefu meupe kama ya madaktari, na siku hiyo mmoja hakutokea. Bi Noreen, katibu wa klabu, akageuka akakuona, mweupe tangu shingoni hadi kifundo cha mguu. "Umechelewa!" akakupigia kelele, akakutia bendera mbili mkononi. Na wewe, Kaka, badala ya kusema mama umekosea mtu, ukasema, "Samahani." Ukaenda ukasimama. Hukujua hata kama mpira ule unachezwa kwa mguu au kwa mkono. Kumbe ni kwa vyote viwili.

Jioni ulifika kwangu na tope hadi magotini. Nikadhani umeanguka. Ukaingia jikoni, ukashika mwiko na upawa wangu, ukanisomesha. Milingoti yao mirefu, goli kama herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi moja: ukainua mwiko, hiyo ndiyo bendera nyeupe. Ukiingia nyavuni ni goli, sawa na pointi tatu: ukainua upawa, bendera ya kijani. "Na ukishainua ikaonekana umekosea?" nikakuuliza, nikitaka kukunasa. Ukavipishanisha mwiko na upawa mbele ya tumbo. "Unafanya hivi. Maana yake, tulichoinua tumekifuta." Mchuzi ukadondokea kanzuni. Hukujali.

Walikununulia koti. Ulilivaa mara moja, ukasema linakubana makwapani, ukarudia kanzu. Timu ngeni zilipobisha, vijana wa klabu walizionya: "Usibishane na yule. Atakusomea, mguu uvimbe." Hilo walifundishwa na Zaituni mwanao, mchezaji wa timu yao ya wasichana, sina shaka.

Haya, na nyumba? Mbwana amesahau tulivyokuwa tukikutana kwenye sebule ya mtu, ghorofa ya saba, jirani anagonga ukuta kila tukipiga kura? Ni wewe uliyeomba. Bi Noreen hakuitisha kamati. "Chukueni ufunguo," akasema, "mradi mrudishe vikombe." Tangu hapo ni arusi zetu, mikutano yetu, vikao vya kugombana na kupatana. Ramadhani walihamisha mazoezi ya wasichana yasigongane na futari. Hakuna aliyewaomba. Walimwona Zaituni anakimbia ulimi umekauka, wakauliza, wakahamisha.

Na siku ya hitima yako. Nilifika mapema nina wasiwasi na ile baa ya pombe ya klabu. Nikamkuta Bi Noreen, na magoti yake yale yanayouma, amesimama juu ya kiti, pini mdomoni, anaifunika baa nzima kwa bendera kuu ya klabu. "Shaabani hakuwahi kuitazama hata mara moja," akaniambia. "Sitaki aanze leo." Nilicheka, Kaka. Siku ya hitima yako nilicheka, halafu kicheko kikageuka na sikuweza kukizuia. Mbwana alikuwepo. Alikaa chini ya bendera hiyo akavuta uradi mpaka mwisho.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda kwake. Nilienda kwa miguu, basi lilikuwa linanichelewesha. Sikuketi. Nikamwekea rasimu yake juu ya meza nikamwambia, "Bwana Mbwana, maneno haya ni ya aibu. Yametoka kichwa gani?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alifungua kabati, akapekua, akanipa jarida la Umoja la miaka ya nyuma, limekunjwa kwenye ukurasa mmoja. "Si yangu, Bi Mwanaidi. Ni yako. Nimenakili tu. Nilidhani utafurahi."

Makala yangu, Kaka. Jina langu juu, picha yangu nimekunja uso. Klabu ile ni ya Waairishi. Mchezo wao, nyumba yao, mambo yao. Sisi haituhusu. Neno kwa neno.

Unakumbuka kwa nini niliandika. Nilikuwa na mhadhara siku ile, wa watoto wetu na lugha yao, nimeuandaa mwezi mzima, na kiti chako cha mbele kilikuwa kitupu. Ulikuwa nyuma ya goli na bendera zako. Nikarudi nyumbani nikaandika kwa hasira ya dada aliyesahauliwa, nikaivisha nguo za siasa. Heshima yetu, nikasema. Tusijipendekeze, nikasema. Watu walinipongeza. Wewe uliisoma, najua uliisoma. Jumapili iliyofuata ulinipigia simu: "Gazeti, mvua kubwa. Njoo unishikie mwavuli."

Nilikuja. Nikaushika mwavuli ule miaka, nikijua majina ya wale wasichana wote, nikipiga kelele kuliko mama zao. Nikadhani inatosha. Lakini makala sikuifuta. Nimeandika kurasa ngapi tangu wakati ule za kuwasuta watu wengine? Hiyo moja sikuigusa. Imekaa kwenye makabati ya watu ikingoja siku ya kutumika, na siku yenyewe imefika wewe haupo.

Usiku na mchana linanirudia pambano lile la mwisho wa msimu. Dakika za mwishoni, Zaituni anaugonga mpira nyavuni, unainua bendera ya kijani, uwanja mzima unaruka, mimi nautupa mwavuli. Kisha nakuona unamwita refa. Ulikuwa umeliona: Zaituni alitangulia kuingia kwenye kile kisanduku cha mbele ya goli kabla ya mpira kufika, na kwao hilo haliruhusiwi. Ukazipishanisha bendera. Goli la mwanao, ukalifuta kwa mikono yako. Tukafungwa. Bi Noreen akakujia juu, uso mwekundu: "Shaabani! Wewe wa kwetu au wa kwao?"

"Wa kwenu," ukamjibu. "Ndiyo maana."

Zaituni alikununia siku ile. Sasa ndiye anayeisimulia hadithi hiyo kwa wenzake, na kila akiisimulia goli linazidi kuwa zuri. Juzi aliniletea mfuko. Ndani mna kanzu yako, ameifua, tope la pindoni limegoma kutoka. Na bendera mbili. Nikamwuliza nifanye nini navyo. Nilimwuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida ya vijana wetu, kwamba tangu ufe upande wa kushoto wa goli hasimami mtu. Kisha, mlangoni, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayekanyaga mawe: "Shangazi, simama wewe."

Basi Jumapili hii nitasimama nyuma ya goli. Kanzu yako sitaivaa, unanijua, nitavaa lile koti lililokubana, mimi nina makwapa madogo. Lakini kabla ya uwanja kuna mkutano, asubuhi hiyo hiyo, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Nitakwenda na bendera zako. Nitasimama mbele ya watu walionipigia makofi nilipokosea, nitasema niliandika kwa wivu, nami nitazipishanisha mbele ya tumbo kama ulivyonionyesha kwa mwiko na upawa. Hilo nakuahidi, na katika kwaheri ya leo sina jingine la kukupa. Pumzika, Kaka yangu. Tope la pindoni nimeliacha.

Na nyinyi mnaosoma. Bwana Mbwana, na nyinyi wa kamati mliokwisha tia saini: mmenakili kosa langu kwa mwandiko safi, na ni langu, sitamwachia mtu mwingine. Lakini saini ni zenu. Njooni Jumapili na kalamu. Ifuteni sentensi yangu, halafu waandikieni halmashauri nani aliwapa ufunguo, nani alihamisha mazoezi wakati wa futari, na mlikuwa mmeketi chini ya bendera ya nani mlipomsomea kaka yangu hitima.