Nywele za Tabita

Dada Yunisi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuandika lolote kabla ya salamu. Wewe ndiye uliyenifundisha uuguzi, ukanichapa kwa kijiko siku nilipompelekea uji wa moto mtoto mwenye vidonda vya kinywa.

Leo nimetoka Mikumi, kaburini kwako. Nakuandikia kwa sababu pale sikusema kweli.

Unamkumbuka Tabita wa Zombo, mwenye kansa ya damu, aliyeletwa kwetu Kilosa kutoka Dar akitapika njia nzima kwa zile sindano za kansa. Asubuhi moja nywele zilimtoka zote zikabaki juu ya mto. Bibi yake alilia kuliko alivyoulilia ugonjwa wenyewe. Nywele za mtu hazitupwi ovyo. Mwenye nia mbaya akiziokota, amekuokota wewe. Hukumcheka. Ulizikusanya, hata zilizonasa kwenye shuka, ukazifunga kwenye leso, ukamwambia, "Bibi, zitakaa kwangu mpaka ziote nyingine." Ukatia leso mfukoni. Siku ya tatu ukaanguka ukifua shuka, hukuinuka tena.

Mimi ndiye niliyekuvika, dada. Nilikuvika gauni lako la kazi, kama ulivyopenda. Niliigusa ile leso. Nikadhani ni ya kufutia jasho, nikaiacha, ukazikwa nayo.

Bibi alipoidai nilimweleza ukweli, na afadhali ningedanganya. Aliketi sakafuni akasema, "Mmemzika mjukuu wangu." Sindano ya pili ilikuwa imekaribia, na daktari alishasema kwamba akiikosa, ugonjwa utamrudia na kummaliza. Bibi akakataa katakata. Tabita haendi Dar mpaka wewe umwachie.

Ndipo Tabita akaanza kusema kwamba unakuja. Si usiku. Saa nane mchana, jua linawaka, saa ile ile uliyokuwa ukimsafisha kinywa. Mimi alikuwa amenikatalia, mkono wangu unaumiza, alisema. Siku moja nikamkuta ameketi, kinywa wazi, macho yanamfuata mtu nisiyemwona. Kikombe cha kusukutulia nilikuwa nimekifungia kabatini, ufunguo shingoni mwangu. Kilikuwa mkononi mwake. Nilionja yale maji, Mungu anisamehe. Yalikuwa ya chumvi, vuguvugu, kiasi kile chako.

Niliogopa. Lakini vidonda vilianza kufunga. Akanywa uji kama ulivyonifundisha, vijiko viwili, apumzike, vijiko viwili tena. Basi nami ikifika saa nane nikawa natafuta kazi ya kufanya nje ya wodi.

Leo tulipanda lori la kijiji cha ujamaa, Bibi, Tabita na mimi. Bibi alilifagia kaburi, akamwaga unga na pombe kidogo, akasema nawe kwa Kisagara. Mimi mwanakwaya nilipiga magoti kando, nikiwaza kasisi akisikia itakuwaje. Bibi akanigeukia. "Na wewe uliyemvika, sema."

Nikasema, "Dada, mwachie mtoto." Kinywa ndicho kilichosema. Moyo ulikuwa unakuomba umfuate mpaka Dar, maana bila wewe nisingemfikisha hata hapo. Nilikuhitaji, dada. Bado nakuhitaji.

Bibi aliridhika. Tukaenda kungoja basi la Dar kwenye barabara kuu, nami nikatoa chupa ya maji ya chumvi niliyomfungia Tabita kwa safari. Akanifungulia kinywa, mimi, kwa mara ya kwanza. Nilimsafisha polepole, pamba kidoleni, hakulia. Nilipomaliza alitazama nyuma ya bega langu, akampungia mtu mkono.

Sikugeuka. Basi lilikuja, wakapanda.

Sasa nasema kweli yangu: mwachie. Saa nane ni zamu yangu. Nitamsafisha akirudi, na atakayeletwa baada yake, mpaka mkono wangu ujifunze usiumize mtoto. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Pumzika, dada. Umefanya kazi ya kutosha ukiwa hai, na hata baadaye. Lakini kama huko uliko kazi imekushinda kuiacha, usiende kwa mtoto. Njoo kwangu. Sitapiga kelele.

Mdogo wako,
Raheli