Sura Yangu Ukutani, Kadi ya Mgeni Shingoni

Ruti, Mbarara, Alhamisi jioni

Mama yangu mupendwa,

Pokea salamu za mutoto wako wa kwanza, yule mwenye sura nzuri. Magoti yanaendeleaje na hii baridi? Paa ya jiko bado inavuja fasi ile ya mafiga? Mimi mwili ni muzima. Roho njo inawaka, na ningepiga simu ingekatika katikati ya tusi, kwa hiyo naandika.

Dada Neema ameniambia Bahati anataka kumuacha fundi wa mbao. Eti Jumatatu biro yetu ya ushauri inakuja huko kambini kwenu Base Camp kuchukua vijana wa kazi, na mudogo wangu ameona picha yangu kubwa imetundikwa pale, imeandikwa: "Hapa nimekua. Bisimwa, mshauri." Mama, sikusema hayo maneno. Hata moja!

Sikia vile ilikuwa. Kazi yetu unaijua: wenye miradi wanalipa biro, mimi nakuja kambini kuuliza watu wanakula nini na wanalala fasi gani, halafu wakubwa wa ofisi ya Kamukuzi hapa mjini wanaandika ushauri. Mwezi uliopita akaja mtu wa Kampala na kamera. Kila mfanyakazi atoe maoni yake juu ya maisha ya biro. Bosi wetu, ambaye hataki tumuite bosi, akasema, "Hapa sisi iko familia moja. Mimi niite Denis tu. Sema yote, usiogope."

Mimi ukinipa nafasi ya kusema, unanijua. Nikasema: "Familia gani, wengine wanakula mezani, sisi wa kuuliza maswali tunakula nyuma kwa tangi la maji? Nilifika hapa sina hata ndevu, mpaka leo niko wa muda. Waliokuja nyuma yangu wamepanda, wana meza. Mimi kila asubuhi askari wa mlango ananivalisha kadi ya MGENI. Mgeni gani anakuja kila siku?"

Mama Amina anayetupikia chai akanikanyaga mguu. "Nyamaza wewe mtoto, watakufukuza leo leo." Yule wa kamera alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, "Vizuri, vizuri sana." Nikafikiri maneno yamemuingia. Kumbe alikuwa anapenda meno yangu!

Picha kama hiyo yenu wameitundika hapa mlangoni pia. Wameikata chini ya kidevu, kadi isionekane. Leo asubuhi askari amenivalisha kadi ya mgeni, na sura yangu inatuangalia kutoka ukutani. Nikaenda moja kwa moja kwa Denis.

"Denis, kama mimi ni mshauri, nipe kadi ya mshauri."

Akacheka. "Ile ni picha tu, bana. Watu ya kambi inapenda kuona mtu yao."

"Basi ishushe."

"Picha ni ya kampuni."

"Na sura ni ya nani? Mama yangu aliizaa kabla kampuni haijanunua hata kiti."

"Wewe iko na maneno mingi, Bisimwa! Ndiyo maana tunakupenda."

Angenitukana ningevumilia, Mama. Kunipenda vile, hapana!

Sasa umusomee Bahati hapa, kwa sauti. Wewe kichwa ngumu, umebakiza kujifunza milango ya kabati tu. Baki kwa fundi. Mimi naitwa mshauri na sina kiti. Wewe viti unavitengeneza. Ukija huku watakupa kadi kama yangu, na haitakukaa vizuri, maana shingo huna.

Jumamosi nakuja. Nitapanda pale ilipotundikwa, mchana, watu wakiona, niishushe picha kabla ya hiyo Jumatatu yao. Denis akitaka kunifukuza, aniambie kwanza mgeni anafukuzwa kazi gani.

Musalimie shangazi anayeuza samaki kavu, mchungaji wetu aniombee lakini asinitulize, na jirani yetu Murundi anayekuazima sufuria. Fundi wa mbao muambie nampa heshima, na asimuachilie huyo kijana.

Ile picha nikikuletea usiitupe. Ni plastiki nene kuliko shitingi za kuezekea tulizopewa kambini. Bahati ayakate maandishi, ibaki sura, aipigilie misumari juu ya jiko pale panapovuja. Iangalie chini, nione unapika nini.

Mutoto wako Bisimwa,
ambaye kwako anaingia bila kadi