Kadi ya Mtoro

Kwako baba, mwenye duka,

Leo ni Ijumaa. Nyumba nzima imeenda kula kwa nyanya yao, nami nimeachiwa Riyadh na vumbi lake. Limevuma tangu asubuhi, rangi ya chai ya maziwa, na madirisha nimeyafuta mara moja. Mara ya pili itangoja kesho. Nimekaa jikoni, viatu nimevua, simu nimeilaza kifudifudi mezani. Nyuma yake, ndani ya kava ya plastiki, kuna mtu ambaye wewe ulimjua miaka mingi ukijifanya humjui. Nimekuja tuongee habari zake.

Usianze kujitetea. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu, ili hata asiyekujua aamue mwenyewe.

Asiyekujua aambiwe kwamba ulikuwa na duka la mabati kule Kaptembwo, Nakuru, lenye dirisha la waya, na ndani mlikuwa na kila kitu kwa kipimo kidogo: mafuta ya taa ya kupima kwa kikombe, sabuni ya mche ya kukatwa vipande, majani chai ya kufungwa kwa gazeti. Mimi nilipewa jina la mama yako, kwa hiyo uliniita mama, na wateja walicheka kusikia mwanamume mwenye ndevu akimwambia mtoto wa darasa la nne, "Mama, hebu nipishe nipime sukari."

Kisha zikaja zile chingamu. Unazikumbuka? Tamu kwa muda mfupi, halafu unabaki kutafuna kiatu. Lakini hakuna aliyezinunua kwa utamu. Ndani ya kila karatasi mlikuwa na kadi ya mchezaji mpira wa huko Ulaya, mzungu mwenye kaptura fupi, na namba kwa nyuma. Dereva wa gari la kusambaza alikupa albamu moja ya bure uitundike dukani iwe tangazo. Ukamwambia sawa, na gari lilipopiga kona ukanipa mimi.

Sheria yako ilikuwa moja: chingamu moja kwa siku, baada ya kazi ya mwalimu. Nilikaa juu ya kreti ya soda, nikamaliza hesabu zangu, wewe ukazipitia ukiwa umekunja uso ingawa sote tulijua hesabu za darasa la nne zilikuwa zimeshaanza kukushinda. Halafu tulifungua karatasi pamoja, taratibu, kama watu wanaofungua barua ya shule.

Majina ya wale wazungu yalitushinda, tukawabatiza upya. Kulikuwa na Kinyozi Kakosea. Kulikuwa na Mzee wa Kanisa, aliyepigwa picha akiwa amefumba macho. Na kulikuwa na Nywele, namba kumi na mbili, mshambuliaji mwenye nywele hadi mabegani, aliyekuja katika karibu kila katoni mpaka tukamchoka. Watoto wa mtaa walimtupa mtaroni. Wewe ukampa ajira: mmoja aliziba tundu la panya, mwingine alikaa chini ya mguu wa meza isiyumbe, wengine wakawa vibandiko vya bei ya unga.

Aliyekosekana ni mmoja tu, namba ishirini na saba, golikipa. Katika albamu alikuwa na nafasi yake tupu kwenye ukurasa wa mwisho. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwona. Kila jioni uliita majina kama mwalimu wa darasa.

"Ishirini na sita?"

"Yuko!"

"Ishirini na saba?"

"Hayuko!"

"Huyo ni mtoro. Mwambieni asirudi bila mzazi."

Nilicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Nikisha kucheka sikuondoka. Nilikusaidia kufunga sukari, nikasikiliza mpira kwenye ile redio yako ya rafu ya juu, redio iliyokataa kusema mpaka ipigwe kofi. Mawe yake ya betri yalikuwa yakilegea. Mimi nikijitolea kuyabadilisha ulikuwa unaniondoa mkono haraka. "Redio ya mzee haiguswi, mama. Utapigwa na stima." Stima gani, baba, kwenye mawe mawili? Lakini nilikuamini, kwa sababu ulikuwa baba na mimi nilikuwa mtoto.

Watoto wengine walichoka wakahamia michezo mingine. Chingamu zenyewe zikabadilika, kadi zikakoma kuja. Mimi bado nilipita dukani kila jioni, hata nikiwa sekondari na sketi ndefu, nikiuliza kwa utani, "Mtoro je?" Nawe ukajibu, "Tumemtumia polisi." Siku hizi najua kwamba wasichana wengi wa umri ule hawakuwa na la kuongea na baba zao. Sisi tulikuwa na golikipa.

Ulipofika ule wakati ambapo kila ploti Kaptembwo ilikuwa na msichana anayengojea viza ya Saudia, nami nikawa mmoja wao. Hukunikataza. Ulinisindikiza hadi steji ya mabasi ya Nairobi, ukaingiza mkono mfukoni, nikadhani unanipa nauli. Ulinipa Nywele. "Ukikwama huko, uza huyu." Tulicheka hadi makanga akatuuliza kama tunapanda au tunaigiza, na nikaingia kwenye basi nikiwa na macho yaliyojaa maji.

Jeddah nilipangiwa nyumba moja huko Aziziya, ya ghorofa mbili na ngazi za marumaru ambazo magoti yangu yatazikumbuka daima. Huku wenye nyumba huitwa madam na baba. Madam sikuwa na shida naye. Ila hilo la pili ulimi ulilikataa, nikamwita bosi, na yeye hakujali. Nywele alikaa nyuma ya simu yangu. Siku moja nilienda Sharafiya kutuma pesa, nikaingia duka la simu kununua kava mpya, na muuzaji akamshika Nywele kwa vidole viwili akitafuta pipa. "Hii karatasi, halas?" Nilimpigia kelele mpaka wateja wakageuka. Mafi halas! Haijaisha kazi! Akairudisha mahali pake akiniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu aliyeshinda juani.

Mkataba wangu ulipokaribia kuisha, bosi alihamishiwa kazi Riyadh. Madam aliniomba nisiende likizo kwanza, niwasaidie kuhama na kutulia. Nilikupigia kukuuliza. Ulikohoa, ukasema ni vumbi la unga. "Kaa, mama. Mimi niko fiti kama mpira mpya." Nikakaa.

Ni katika kule kufunga mizigo nilipofungua boksi moja la stoo na moyo ukanipasuka. Walikuwa wao, baba! Kinyozi Kakosea. Mzee wa Kanisa na macho yake. Picha zile zile, kaptura zile zile, ila majina kwa Kiarabu. Nilikaa sakafuni, na bila kufikiri nikaanza kuwapanga kwa namba, kama pale juu ya kreti. Kumbe kiwanda kilikuwa kikituchapishia watoto wa dunia nzima wazungu wale wale, na bosi wangu, mtu wa rika langu, alikuwa akiwatafuta huku Jeddah wakati mimi nawatafuta Nakuru.

Na chini ya boksi, baba, nilikuta golikipa. Hakuwa mmoja. Walikuwa wengi, wamefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira, kama sisi tulivyokuwa na Nywele.

Sikumsikia bosi akiingia. Niliinuka haraka, maana mfanyakazi kukutwa ameshika vitu vya mwenye nyumba si jambo la mchezo. Lakini yeye alikuwa akitazama kadi zilivyopangwa.

"Inti malum hada?" aliniuliza. Unawajua hawa?

"Malum, bosi. Mimi mtoto, Kenya, sem sem." Hawa hawa.

Akachuchumaa. Mtu mzima na kanzu yake nyeupe ya kazini, kwenye vumbi la stoo. Akafungua albamu yake, akanionyesha nafasi moja tupu. "Hada nafar, mafi." Mtu huyu hayupo. Nikasoma namba. Kumi na mbili.

Nilicheka, baba, nikacheka hadi nikajiegemeza ukutani. Nikatoa simu, nikavua kava, nikampa Nywele. Ungeuona uso wake! Alimgeuza, akamnusa hata, akaita madam ambaye alikuwa na shughuli zake akasema sawa, sawa. Halafu akaniambia kwa sauti ya mtu anayejua sheria za mchezo, "Esh tibghi?" Sema, unataka nini?

Siku ile angenipa chochote. Angenipa pasipoti yangu na tiketi na miezi miwili nyumbani. Nilinyoosha kidole kwenye lile fungu la magolikipa, nikasema, huyu. Akanipa, akacheka, akasema halas, tukarudi kila mmoja kwenye kazi yake.

Jioni nikakupigia nikipayuka. "Baba! Nimempata Mtoro!"

Uliniuliza namba yake mara mbili. Nilidhani laini ni mbovu. Kisha ukaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu, na ulipopata pumzi ukasema, "Kumbe alikimbilia Arabuni kabla yako!"

"Nitakuletea umwone."

"Mlete, mama. Mlete nimwone."

Hicho ndicho nilichokuwa nacho Riyadh, baba. Wengine walikuwa wakiweka akiba ya ploti na mabati. Mimi nilitaka kukuwekea golikipa mkononi na kukusikia ukiita namba, niseme yuko. Niliosha vyombo na hilo, nikapiga pasi na hilo. Na ilikuwa imebaki kidogo tu, kwa sababu bosi alikuwa ameshaanza kushughulikia likizo yangu, mama, mke wako, alipopiga simu akashindwa kuongea, akampa jirani.

Bosi alikimbia ofisi hadi ofisi, sitamsingizia. Lakini makaratasi ya kutoka huku hayakimbii kwa sababu mtu analia. Picha za mazishi zilinifikia kwa simu nikiwa nimesimama kwenye zulia la watu, na nilipofika nyumbani udongo wako ulikuwa umeshaanza kukauka.

Mama ndiye aliyeniambia. Kifua hakikuwa vumbi la unga. Ulikuwa umekatazwa na daktari kuinua magunia tangu kabla hatujahama Jeddah, na ulimwapisha asiniambie. Nilikasirika, baba. Nilikasirika nikatoka kwenye nyumba iliyojaa waombolezaji nikaenda kukaa dukani peke yangu.

Kulikuwa kimya mno. Nikashusha redio, nikaipiga kofi, ikakataa. Nikasema leo itaguswa. Nikafungua nyuma kubadilisha mawe, na kati ya jiwe na waya kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kimekunjwa kuyakaza. Nilikikunjua. Kilikuwa kimeliwa na kutu ya betri, nusu ya uso imekwenda, lakini glavu zilionekana, na nyuma namba ilisomeka.

Nilikimbia nacho hadi kwa mama. Alikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona akitabasamu.

"Alimpata katoni ya pili," alisema. "Nikamwambia, mpe mtoto. Akasema, nikimpa, atakuja dukani kufanya nini?"

Hebu nikuulize. Kadi uliificha ili nisiondoke, na ugonjwa ukauficha ili nisirudi. Ulitaka nikushike vipi, mzee wewe? Nimekasirika kwa hili la pili na bado sijamaliza. Lakini la kwanza nimelibeba kutoka Nakuru hadi Riyadh na kila nikiligusa napata joto. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikikutafuta kila jioni, kumbe na wewe ulikuwa ukinivizia. Ulikuwa ukisema mtoro asirudi bila mzazi, na mzazi ulikuwa wewe, umemkalisha ndani ya redio juu ya kichwa changu, akisikiliza mpira pamoja nasi.

Redio bila kadi ilikataa kabisa kusema. Nilijaribu gazeti, nikajaribu boksi la kiberiti, ikanyamaza. Mwishowe nikamkunja golikipa wa bosi, yule safi niliyekuwa nimekuletea, nikamsukuma katikati ya mawe. Ikaguruma, ikapata wimbo wa kanisa, na mama akaja na stuli akakaa. Anaisikiliza mpaka leo. Nimemwambia haiguswi, atapigwa na stima.

Wako, mwenye nusu ya uso, ndiye huyu niliye naye hapa mezani. Albamu ipo dukani, chini ya kaunta, mahali pake pa zamani. Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi huku mama alinipa gundi, akaniambia mbandike sasa, mwanangu, ukurasa ujae, imekwisha. Niliishika ile gundi kwa muda, kisha nikamrudishia.

Nafasi ya ishirini na saba nimeiacha wazi, baba. Nikimbandika, nitakuja dukani kufanya nini?

Vumbi linatulia, na gari lao nalisikia getini. Pumzika, usiinue magunia. Nikirudi nitapitia kwako kwanza, kabla ya nyumbani, nami nitauliza kama kawaida, "Mtoro je?"

Mimi mama yako,
binti yako wa juu ya kreti