Chembe Zinazozaliwa Pete Ikiporomoka

Jumatatu, 3 Februari. Kashai
Nimefundisha vipindi viwili vya fizikia, kidato cha nne. Kisha nyumbani. Kisha hesabu. Bado ni ile ile ya shahada yangu: ulimwengu bapa wenye urefu, upana na muda, bila kimo. Pete ya vumbi inaporomoka kwa uzito wake yenyewe mpaka inakuwa shimo jeusi. Wakati inaporomoka, ombwe, utupu wenyewe, linazaa chembe. Ngapi? Jibu langu linatoka bila kikomo. Upuuzi mtupu.
Projest amerudi na lori la kahawa kutoka Muleba. Amenikuta naongea na msimamizi wangu wa chuoni kwenye simu. Sahani ya ndizi imepasukia ukutani. Mume wangu anamwonea wivu mzee mwenye wajukuu.

Alhamisi, 6 Februari
Msimamizi ameliona kosa. Ulimwengu huu una ukingo, na mawimbi yakifika ukingoni hurudi. Mimi niliyaacha yapotee. Naanza upya. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu jikoni.
Projest akataka kujua nacheka na nani. Nikamweleza. Kofi. Halafu ngumi. Sikio linavuma bado. Namchukia. Naandika hili ili kesho nisijidanganye.

Jumapili, 9 Februari
Mkono wa kushoto. Herufi mbaya.
Baada ya misa alichukua nyundo akaivunja kompyuta. Nikamrukia. Nikamng'ata begani mpaka nikaonja damu. Akanipinda mkono wa kulia, ukalia kama ukuni mkavu. Mama Hamida, mwenye nyumba wetu, akaingia na mchi wa kinu akamtandika mgongoni. Projest akakimbia.
Nilitaka afe. Bado nataka.

Jumanne, 11 Februari. Ngenge
Plasta hadi kiwiko. Polisi wamechukua maelezo yangu. Projest hawajampata.
Nimekuja kwa wazazi. Baba hakuuliza habari za mkono. Aliuliza nimefanya nini. Eti ndoa ya kanisani haivunjwi kwa sababu ya hesabu. Mama aliendelea kumenya ndizi. Baba huyu huyu alimpiga mama miaka yote ya utoto wangu.
Sikupaswa kuja hapa.

Ijumaa, 14 Februari
Amekuja. Panga mkononi. Alianza na migomba ya mbele, akiifyeka mmoja baada ya mwingine, huku akiniita kwa jina. Baba akatoka. Nilidhani atamfukuza.
"Mchukue mkeo," akamwambia, "uniachie migomba yangu."
Projest akaikamata plasta, akanivuta. Nikapiga yowe. Mama akatokea nyuma ya nyumba na jembe. Pigo la kwanza begani, panga likaanguka. La pili gotini, naye akaanguka. Kisha mama akamgeukia baba, jembe likiwa bado juu. Alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini kabisa:
"Nawe ukisogea, nakufukia humu humu shambani."
Baba hakusogea. Majirani walikuja na kamba, wakamfunga Projest, wakamlinda mpaka polisi wakafika. Damu yake imebaki kwenye majani ya migomba.
Nilitaka mama apige tena.

Alhamisi, 20 Februari
Projest yuko rumande, mguu umefungwa bandeji. Naingiza mawimbi yanayorudi. Karatasi, kalamu, mkono wa kushoto. Polepole mno. Hasira inasaidia.

Jumatatu, 24 Februari
Nimechana kurasa zote. Alama moja ya kutoa niliisahau. Nimeipiga teke ndoo mpaka ikapasuka. Mama ameleta nyingine.

Jumapili, 2 Machi
Imetoka. Kishindo cha chembe pete inapoporomoka, kisha zinatulia katika joto moja. Hakuna kinacholipuka bila kikomo. Na shimo likiwa jepesi zaidi, huwa baridi zaidi, kinyume na yale ya ulimwengu wetu. Nimerudia mara tatu. Ni sahihi.
Mama aliuliza nimepata nini. Kihaya hakina neno la ombwe, au mimi silijui. Nikamwambia: ni mahali patupu. Kitu kizito kikiporomoka hapo, vitu vidogo sana vinazaliwa.
"Vinatoka wapi, kama hapakuwa na kitu?"
Nikamwambia ule mporomoko wenyewe ndio unaovigharimia. Akafikiri. Akasema, "Haya."
Mvua ilinyesha mchana. Ilipokatika, mama alitoa godoro lake chumbani kwa baba, akalileta kwangu, akalitandika chini ya dirisha.