Fundi, Lete Taa

Melini, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. U mzima? Mgongo umetulia, au bado unapanda ngazi za meli huku umeushika kiunoni? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kucha. Usingizi naupata kwa vipande vipande, na kila kipande kina harufu ya dizeli.

Usishangae barua ya mkono kama enzi za babu. Simu yangu ilitumbukia kwenye maji machafu chini ya injini, ikazama bila hata kuaga, na barua pepe za meli nahodha anazisoma zote. Hii anakuletea baharia wa meli nyingine anayetangulia kufika huko. Mpe chai. Ni mtu mwema, ingawa anaongea sana.

Sasa kaa vizuri. Meli yetu inakuja bandarini kwako! Tunakuja kufanyiwa ukaguzi wa mwaka, na ukaguzi ukipita tu, mimi nashuka. Mkataba wangu umeshaisha, nahodha ameniapia kwamba fundi wa kunipokea atakuwa ananingoja hapo na begi lake. Nitafika nyumbani kabla mtoto hajazaliwa. Nilimwacha wifi yako na mimba changa, sasa anasema hata vidole vya miguu yake havioni.

Ngoja nikuchekeshe. Mwezi uliopita, tangi la ubavu wa kulia, lile la maji ya kuipa meli uzito, likaanza kujaa lenyewe. Nikaingia. Nikakuta ubavu umeliwa na kutu, tundu la kupitisha kidole, bahari inachungulia ndani. Nikamwambia injinia mkuu tukate tuchomelee bamba jipya. Akasema bamba hakuna, muda hakuna, wewe ziba. Basi nikaziba: fremu ya mbao, saruji, nikalainisha, nikapaka rangi ileile ya tangi. Dada, ungeiona kazi ile ungenipigia makofi. Hata wewe na macho yako hayo ungepita. Basi ukija, pita tu kwa maringo, gonga muhuri, tuondoke zetu.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, na aliyeileta ameimaliza chupa nzima ya chai. Mimi mzima kiasi. Leo nimetoka kwenye tangi la meli ya mafuta, nimeoga na kuoga na bado ladha ya kutu ninayo kwenye meno. Wifi nimeongea naye jana. Hajambo, anakula ndimu na kukutukana.

Sasa wewe. Akili yako uliiacha wapi? Mambo gani haya unamwandikia mkaguzi wa meli? Ungemwambia paka wa jikoni huko melini. Umeniambia mimi! Nilicheka mpaka nilipofika pale pa rangi, nikaiweka barua chini na chakula kikanishinda.

Unajua kama ninavyojua. Meli ikiwa na mzigo na bahari ikichafuka, ubavu wote unacheza. Chuma kinakubali kucheza, saruji haikubali. Inabanduka kipande kizima, na tundu la kidole linakuwa mlango. Siku hiyo wewe utakuwa nyumbani umembeba mtoto. Atakayekuwa mle ndani ni huyo anayekuja na begi lake.

Nimekwenda kwa mkuu wangu nikamwambia meli hiyo ina ndugu yangu, nisipewe. Amempa Miwani, mkaguzi mwenzangu, mzee mwema ila magoti yamemwisha. Siku hizi hashuki tangini. Anamulika kutoka juu mlangoni, anamuuliza ofisa wa meli, "Chini kuzuri?" Wanamjibu kuzuri sana, mzee. Kwa hiyo nikitaka meli yenu ipite, sina haja ya kusema uongo wala kusaini chochote. Nikae tu ofisini na kikombe changu. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nakuomba jambo moja. Mwambie nahodha akitaje kiraka hicho mwenyewe kabla hamjafika. Meli inayojisema hupewa nafasi itengenezwe na watu wake wakashuka. Inayofumaniwa hufungiwa, hapandi mtu wala hashuki. Tafadhali, mdogo wangu, usinifikishe huko.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Sote wazima, wachovu tu. Barua yako nimeipata kwa wakala wa meli.

Nilimwendea injinia mkuu, nikamwambia kwa kuzungukazunguka. Alifunga mlango. Akasema atakayefungua mdomo atazeekea humu humu melini. Kwa nahodha sikufika.

Basi nakuomba mimi. Si umeshapewa nafasi ya kutokuwepo? Usiwepo. Una mgongo, siku hiyo utumie, uwe mgonjwa. Meli hii imezibwa kila mahali miaka yote na bado inaelea. Sikuombi useme uongo, nakuomba ukae kwenye kiti. Huyo mwenye begi simjui na wewe humjui. Wifi yako unamjua. Kila nikifumba macho namwona anajikokota peke yake kwenda hospitali, na mimi niko huku nakwangua kutu ya mtu.

Nataka kwenda nyumbani, dada. Sina neno jingine.

Mdogo wako


6 Machi

Shikamoo leo sikupi.

Nilipokuona unapanda ngazi nyuma ya Miwani, na ile ovaroli yako iliyofubaa, nilifurahi. Mjinga mimi! Nikasema moyoni, dada amekuja kunisalimia. Kumbe. Miwani akabaki juu mlangoni akihema, wewe ukakaza kofia ukashuka, na ofisa akanisukuma mimi nikushikie taa. Watu wote waliomo humu, nikushikie mimi.

Ukawa unatembea kwenye tope la tangi unagonga ubavu kwa nyundo yako, ngaa, ngaa, ngaa. Mimi nimetangulia na taa. Tulipofika pale nikaupitisha mwanga juu juu, harakaharaka, nikaupeleka mbele. Ukasimama. Hukugeuka hata kuniangalia. Ukasema, "Fundi, lete taa hapa."

Fundi! Mimi uliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea, leo ni fundi. Na zuzu mimi nikaileta. Ukagonga, ikaitika duf. Ukagonga tena, rangi yangu ikabanduka, unga wa saruji ukakumwagikia kiatuni. Ukasema ahsante. Kwa sauti ya kumwambia mtu wa dukani.

Sasa tumefungiwa. Tumesogezwa nje nangani, mwenye meli hapokei simu. Fundi wa kunipokea haruhusiwi kupanda meli iliyofungiwa, na asipopanda yeye mimi sishuki. Nikisimama nyuma ya meli naliona dirisha la ofisi yenu. Usithubutu kunipungia mkono.

Fundi


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Hii anakuletea mwenye boti la maji ya kunywa. Najua utaisoma, kwa sababu huko nangani hakuna kingine cha kusoma.

Siku ile nilikaa kwenye kiti kama ulivyotaka. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba mgongo unaniuma, na kweli ulikuwa unauma. Miwani akawa anafunga kamba za viatu mbele yangu, polepole, anaguna kila akiinama. Nikafikiria mtu mwenye begi. Nikajikuta nimevaa ovaroli.

Nilikuita fundi kwa sababu ningetamka mdogo wangu, ningepanda ngazi na kuondoka. Hivyo tu. Niliuona mwanga ulivyokimbia, nikajua ni pale, na miguu ikataka kuufuata mwanga. Nilikuwa nimeshapiga hatua. Kunichukia una haki. Lakini taa ulikuwa nayo wewe. Ungeiangusha kwenye tope, ungesema betri imekufa, mimi ningeshukuru Mungu nikapanda juu. Hukuiangusha. Uliileta, ukaimulika palepale. Nalifikiria hilo kila ninapokaa.

Yule mwenye begi amenifikia ofisini. Amesafiri kutoka mbali, analala kwenye nyumba ya mabaharia, na kila asubuhi anakuja kunitukana kwa kumnyima kazi. Leo ameniuliza kama mimi nina roho. Nilitaka kumwambia kwamba kwa ajili yake ndugu yangu hataki hata kuniamkia. Angeniona nimerukwa na akili. Nikamwonyesha kiti, akakataa kukaa.

Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kuwa mtu ambaye akionekana ngazini watu wanaacha kucheka. Nimempigia mwenye meli, nimempigia wakala, nimepigia chama cha mabaharia mpaka wananijua kwa kikohozi. Nitaendelea kupiga.

Dada yako


31 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Mtoto amezaliwa leo asubuhi. Wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, na amepiga kelele mpaka wauguzi wakamcheka. Wifi anasema ana paji lako la uso, na kwamba anakupenda, na kwamba akikutia mkononi atakukunja shati.

Mimi hakunisema. Aliniuliza tu, "Dada, meli bado unaiona dirishani?" Nikamwambia naiona. Akasema haya, akakata simu. Heri angenitukana.

Niliomba nije na boti nikwambie kwa mdomo wangu. Wamenikatalia, eti mkaguzi hawezi kwenda kutembelea meli aliyoifungia. Kwa hiyo nasimama dirishani mpaka ofisi ifungwe. Ukiisoma hii toka nje, simama tu nikuone. Si lazima upunge.

Hongera, baba.

Dada yako


22 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Hii naituma nyumbani, kwa sababu najua umeshafika. Siku ile sikukuona. Nilisimama mpaka mlinzi akaja na funguo.

Bamba jipya alilolileta mwenye meli hatimaye, Miwani ndiye aliyelikagua. Safari hii alishuka mwenyewe, na kumpandisha ilikuwa shughuli ya watu wazima na kamba. Alirudi ofisini akasema mshono ule ni safi, siku nyingi hajaona mshono kama ule, akawauliza melini nani amechomelea. Wakamwambia ni yule fundi aliyewashikia taa. Miwani akaniangalia. Nikaenda maliwatoni nikafungua maji ili wasinisikie nalia.

Juzi nilikungoja geti la bandari. Gari la wakala likapita na wewe umekaa nyuma. Uliinama kushughulikia zipu ya begi lako mpaka gari lilipopinda kona. Fundi mpya yeye alipita kuniaga kabla ya kupanda. Ati hana kinyongo. Nikamtakia safari njema, na nikamaanisha.

Mbusu mtoto. Sitakuandikia tena mpaka uniandikie wewe, si kwa hasira, ni kwamba sijui niseme nini ambacho sijasema.

Dada yako


14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Habari za siku nyingi. Mgongo vipi? Nauliza kweli. Huku kwetu wazima, wifi yako anakusalimu, na yeye ndiye aliyeniwekea kalamu mezani. Anasema amechoka kunisikia, niandike au ninyamaze.

Mtoto alinikataa. Nilipombeba alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa ananyoosha mikono kwa muuza duka wa jirani, mtu mwenye ndevu za kutisha, kwa yule akatulia! Siku hizi ananikubali akiwa na usingizi. Kila aliponikataa nilikukasirikia wewe. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kuna siku naamka nimesamehe, nikifika saa ya chai nimekasirika tena. Siku ile ya dirisha nilitoka. Nilijibanza nyuma ya bomba la moshi usinione. Nilikuona umeegemea kioo, nikasema moyoni, mwache naye aumie.

Sasa nachomelea mageti ya watu. Kazi ipo leo, kesho haipo, na mtoto hajui hilo. Wakala mmoja amenipatia meli. Anataka nisaini wiki ijayo. Nimemuuliza ikoje, akasema meli nzuri sana, ndiyo kwanza imepakwa rangi mpya ndani na nje. Wenzangu wote wananipongeza. Wifi yako ananipongeza. Mimi tangu aniambie habari za rangi silali vizuri.

Inakuja bandarini kwenu kabla ya kunifuata. Jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Miwani asiiguse. Nenda wewe, shuka kila tangi, na atakayekushikia taa akikwepa mahali, mwite jina lolote utakalo, arudi. Ukiikuta imeoza usinitafutie maneno ya kunibembeleza. Usifikirie mageti wala mtoto. Niambie nisipande.

Nitakasirika sana, dada, unanijua. Na sitapanda.

Mdogo wako